Mazoezi ya Kichwa Bulla Pesa

Mtoto wangu alichukuliwa mchana kweupe, mbele ya wapangaji wote wa ploti yetu mtaani Bulla Pesa, mjini Isiolo, huku mimi nimekaa chini kando ya mfereji wa maji, damu yake ikiwa kwenye leso yangu. Mama mkwe hakupaza sauti. Alimwinua, akampangusa paji la uso kwa kiganja, akamfunga mgongoni mwake, kisha akaniambia, "Wewe lala. Mtoto naenda na yeye Merti." Lori lilikuwa linaondoka alasiri ile ile. Sikuweza hata kuinuka nimkimbilie, kwa sababu kila nilipoinua kichwa, ukuta wa mabati ulipanda na kushuka mbele yangu.

Nilikuwa nimeanguka naye. Hakuna aliyenisukuma, na hapakuwa na tope. Mtu alinisalimu kwa nyuma, nikageuza kichwa nimwitikie, na ardhi ikaondoka. Tulitumbukia wote wawili kwenye mtaro, na jiwe likampasua mwanangu juu ya nyusi. Nilikuwa nimekaa naye siku chache tu tangu niletewe.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Kabla ya hapo nilikuwa nimeugua kifua kikuu, nikawekwa kwenye kambi ya wagonjwa wa kifua nyuma ya hospitali, na mtoto, ambaye alikuwa bado ananyonya, akapelekwa kwa bibi yake. Kila asubuhi tulipanga foleni ya sindano. Leo tako hili, kesho lile, mpaka tukawa hatujui tukalie lipi. Dawa yenyewe ilinitibu, sitaisema vibaya. Nilikohoa damu, nikaacha kukohoa, nikanenepa. Lakini dawa hiyo hiyo, ambayo wengi waliivumilia bila shida, mimi ilinila ndani ya masikio. Kitanda kilianza kuyumba. Nilipomwambia daktari alisimamisha sindano siku hiyo hiyo na kunibadilishia dawa, lakini kilichokwisha kuharibika hakikurudi.

Ajabu ni kwamba nilikuwa nasikia vizuri. Umbeya wa chumba cha tatu niliusikia bila kutega. Kilichokufa ni sehemu nyingine ya sikio, ambayo nilikuwa sijui hata kama ninayo. Nikitembea, maduka yalirukaruka. Mtu akinijia barabarani sikumtambua uso mpaka asimame na mimi nisimame. Giza likiingia, choo kilichokuwa hatua chache kutoka mlangoni nilikiendea nikiwa nimeshika ukuta kwa mikono miwili, na majirani wengine walisema nimeanza kunywa.

Mume wangu alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, leo Merti, kesho Isiolo, na si mtu mbaya. Aliporudi alikaa mlangoni akaniletea maneno ya mama yake bila kunitazama.

"Mama amesema mtoto atarudi siku wewe utatembea kama watu."

"Na nisipotembea?"

"Mvua ikikosa tena, ngamia itahama upande ya Sericho. Yeye ataenda na ngamia. Na mtoto ataenda na yeye."

Nilijua maana ya Sericho. Mtu akihamia huko na mifugo, hakuna anayejua atatokea lini wala wapi. Mtoto angekulia kule, na siku moja angekuja mjini kijana mrefu, anisalimie kama anavyomsalimia shangazi wa mbali. Hofu hiyo ilinikaa kifuani mahali pale pale ugonjwa ulipokuwa.

Ndipo mume wangu akanipeleka hospitali nyingine, kule milimani. Daktari alinisimamisha miguu pamoja, akaniambia nifumbe macho, nikamwangukia kifuani. Akacheka kidogo, nikamchukia. Akanituma kwenye chumba cha mazoezi ya viungo, ambako mama mmoja Mmeru mwenye mikono minene alikuwa akikunja na kukunjua mguu wa mzee aliyevunjika.

"Habari yako, mama."

"Nzuri, lakini naanguka."

"Basi si nzuri. Keti."

Alinieleza huku akiendelea kumkunja yule mzee. "Ndani ya sikio iko kitu inaambia kichwa uko wima ama umelala. Yako imekufa, pande zote mbili. Haitafufuka, mimi si Yesu. Lakini macho iko, na miguu iko. Hizo mbili tutazifundisha kazi ya marehemu."

Kisha akanipa kazi. Kwanza macho peke yake, juu na chini, kulia na kushoto, kichwa kimetulia. Halafu ninyooshe kidole gumba mbele yangu, nikazie macho kwenye ukucha, huku nikitikisa kichwa kama mtu anayekataa, kisha kama anayekubali, polepole, halafu haraka. Niiname niokote kitu chini, niinuke. Nirushe limau kutoka mkono mmoja hadi mwingine, juu ya macho, nikilifuata kwa kutazama. Nisimame miguu pamoja. Nitembee nikigeuza kichwa. Na mwisho, baada ya yote hayo, nifanye vile vile nikiwa nimefumba macho. Nitembee pekupeku kila ninapoweza, ili nyayo zijifunze kusema na ardhi.

Kwenye zoezi la ukucha tu nilishikwa na kichefuchefu, nikaomba nilale.

"Hapana," akasema. "Hiyo kizunguzungu ndiyo dawa. Kama haikuletei kizunguzungu, hujafanya. Ukilala, utalala mpaka uzeeke."

Nilirudi Isiolo na hasira. Nimekwenda kutibiwa kizunguzungu, nimeandikiwa kizunguzungu. Lakini yule mama alikuwa mtu wa kwanza aliyeniambia kuna jambo naweza kufanya, na mimi jambo lolote ambalo mwisho wake ni mtoto wangu ningelifanya, hata ningeambiwa nitembee kwa mikono.

Basi nikaanza. Kila asubuhi, mume akishatoka kwenda sokoni, nilikaa kwenye kigoda katikati ya chumba, karai kando yangu kwa ajili ya kutapika, mlango wazi nusu nipate mwanga. Nilitikisa kichwa kulia, kushoto. Nilijihesabia kwa sauti ya chini, ili nisiachie njiani. Nikishafanya kwa macho wazi, nilifumba. Jasho lilinitoka, nikatapika, nikasukutua, nikaanza tena.

Nilichosahau ni kwamba mlango ulio wazi nusu, Bulla Pesa, ni mlango wazi.

Chumba cha pembeni kilikuwa cha bibi mmoja wa Kiborana ambaye sote tulimwita Akko, yaani bibi, ingawa hakuwa na ukoo nasi. Siku moja nilifumbua macho nikamkuta mlangoni na wanawake wengine. Walikuwa wamebeba kibakuli cha buna, kahawa iliyokaangwa mbichi mbichi na maganda yake kwenye samli, na mmoja alikuwa na jerikani tupu chini ya kwapa, ya kupiga kama ngoma. Nilielewa mara moja. Walidhani nina ayana.

Kwa asiyejua mambo yetu: ayana ni pepo anayempanda mtu, mara nyingi mwanamke. Aliyepandwa hufumba macho, hutikisa kichwa kwa mdundo wa ngoma, hunong'ona, na wenzake humzunguka na kumtuliza kwa buna na udi. Wanaume wetu wa msikitini hawataki hata kusikia neno hilo. Wake zao ndio wapigao ngoma. Sasa mimi, mwanamke aliyenyang'anywa mtoto, niliyekuwa naangukaanguka, nimekaa peke yangu nikitikisa kichwa macho yamefumbwa, nanong'ona maneno na kutapika. Mtu mwingine wa kwetu angefikiri nini?

"Usiogope," Akko akasema. "Yeye anataka nini? Ameshasema jina yake?"

"Hakuna yeye. Hii ni mazoezi ya hospitali."

Wakatazamana. Mwenye jerikani akasema kwamba ayana wengine ni waongo hivyo hivyo, wanajificha.

Nilipandwa na hasira, nikawafukuza. Nilisema maneno ambayo hayasemwi kwa mtu mzima, na buna ikamwagika kizingitini. Nilijiona shujaa mpaka jioni, nilipokumbuka kwamba mwenye ayana anayekataa kutulizwa ndiye wanayemwogopa zaidi, na kwamba lori la Merti liliondoka mchana likiwa na abiria kutoka ploti yetu.

Mume wangu alirudi kutoka safari iliyofuata uso umekunjwa.

"Salaam aleikum," nikamwambia.

Aliitikia kwa shingo upande. "Umeanza mambo ya ayana ndani ya nyumba yangu? Merti yote inasema. Mama amesema sasa si kuanguka tu, kuna mtu ndani yako."

Nilimvutia kigoda. "Keti. Nyoosha kidole. Angalia ukucha. Sasa kataa kwa kichwa. Haraka. Haraka zaidi." Alifanya kwa dharau. Nikamwambia ainuke, azunguke mara kadhaa macho yamefumbwa, asimame miguu pamoja. Alijaribu, akashika nguzo ya kitanda, akakaa sakafuni. Alikaa pale mpaka rangi ikamrudia.

"Hii ndiyo unafanya?"

"Kila siku. Wewe umesimamishwa na masikio mazima, na bado uko chini."

"Na ayana?"

"Hakuna."

"Mama amesikia iko," akasema kwa huzuni, na nikajua kwamba yeye ameniamini lakini hilo halitanisaidia.

Kesho yake nilikwenda kwa Akko kumtaka afute maneno yake. Nilikwenda nimeshika ukuta, ndimi zote za ugomvi ziko tayari. Alikuwa anachambua maharagwe.

"Lori imeshaenda," akasema. "Mimi nitashusha maneno namna gani? Keti." Nikakaa. Akaniangalia sana. "Kwanza mimi naona ayana. Wewe unaona hospitali. Sawa. Lakini kuanguka, sisi wote tunaona. Wewe unajitikisa peke yako kwa chumba, siku moja utapiga kichwa kwa jiko. Kwetu mtu akifumba macho hatumwachi peke yake. Sisi tunajua kushika mtu asianguke. Hiyo hospitali yako inajua?"

Ni kweli zoezi la kusimama macho yamefumbwa nilikuwa nalikwepa, na kulikwepa ndiko kulikokuwa kunanirudisha nyuma. Nilimwambia sitaki ngoma, sitaki udi, sitaki mtu aulizwe jina.

"Bila ngoma kichwa utatikisa na nini?"

"Na akili yangu."

Alicheka mpaka maharagwe yakamwagika. Tukapatana: hakutakuwa na ngoma, lakini atanipigia paja kwa kiganja nipate mwendo. Na wenzake, wale wale niliowafukuza, wakaja. Niliwaomba radhi na wakazipokea kwa masharti, yaani nilikaanga buna mimi mwenyewe. Walinizunguka wamenyoosha mikono. Nilifumba macho, nikaenda upande wa kushoto, mikono ikanirudisha. Nikaenda nyuma, mikono ikanirudisha. Akko alipiga paja lake, na kila niliposhika mwendo aliuongeza, bila huruma, kama nilikuwa na deni lake. Nilitapika mbele yao wote, na hakuna aliyegeuza uso. Niliporudi milimani, yule mama wa mazoezi alinipima, akashangaa, akaniuliza nani ananisaidia. Nilisema ni wanawake wa mtaani, tunakusanyika. "Vizuri sana," akasema. "Endeleeni na maombi." Sikumsahihisha.

Polepole maduka yaliacha kuruka. Hayakutulia kabisa, na mpaka leo hayajatulia, lakini niliweza kusoma bei ya sukari nikiwa natembea. Mikono ya wale wanawake ilianza kunigusa kwa nadra, kisha wakawa wanasimama tu wakiongea habari zao. Nilibeba debe la maji. Nilimbeba mtoto wa jirani mgongoni, mchana, kwenye ardhi tambarare, Akko akinifuata. Giza ndilo lililokuwa bado linanishinda. Jua likizama, miguu ilibaki peke yake kwenye kazi ya watatu, na ilikuwa inaogopa.

Mvua ikakosa. Watu walianza kushuka mjini na mbuzi waliokonda, wakiuza kwa bei ya aibu. Kisha dereva akaleta ujumbe: mama mkwe anakuja na lori la kesho, litafika adhuhuri. Atalala kwa dada yake karibu na stendi, na asubuhi linaendelea upande wa Sericho. Mtoto yuko naye. "Amesema ataangalia na macho yake," dereva akasema, kisha akaondoka haraka.

Asubuhi ya siku ya kuja kwake niliipita njia yote kutoka stendi ya malori mpaka mlangoni kwangu, nikienda na kurudi. Niliondoa mawe. Niliupima ule mtaro niliotumbukia, ambao sasa ulikuwa umewekewa ubao. Adhuhuri nilisimama stendi nimevaa leso safi. Lori halikuja. Alasiri halikuja. Mume wangu alikwenda huku na huku akiuliza, wakamwambia gurudumu limepasuka njiani. Nililitazama jua likishuka kwa chuki ambayo sijawahi kuwa nayo kwa kitu kingine chochote. Adhana ya magharibi ilipoisha ndipo taa za lori zikaonekana.

Mama mkwe alishuka amejaa vumbi, na mtoto amelala begani kwake. Sikumtambua. Alikuwa na miguu mirefu inayoning'inia, na kovu juu ya nyusi. Tulisalimiana kwa adabu zote, tukaulizana mifugo na nyasi, kama inavyopasa, na mimi sikusikia jibu hata moja.

Akanipa mtoto. Nilimfunga mgongoni, akakoroma kidogo, hakuamka. Alikuwa mzito kuliko wa jirani. Mume wangu akawasha tochi atumulikie njia.

Mama yake alinyoosha mkono, akaichukua tochi, akaizima.

"Mama, ni giza," mume wangu akasema.

"Mimi nikiwa Sericho, nani atamshikia tochi?"

Nilivua ndara zangu, nikazishika mkononi. Nilianza kutembea.

Sitadanganya kwamba nilikuwa jasiri. Nyuma yangu nilisikia nyayo zake, karibu, na nilijua mikono yake iko tayari, si kwa ajili yangu. Mbele sikuona kitu ila weusi wa kuta na weusi mwingine wa anga. Nilisikiliza kwa visigino. Hapa mchanga, hapa majivu ya mtu, hapa mzizi. Mtoto alipogeuza kichwa usingizini, uzito wote ulihama, na mwili wangu ukauliza uko wapi, na kwa muda hapakuwa na jibu. Nilipanua miguu nikasubiri. Jibu lilikuja kutoka chini. Nikaendelea.

Nilifika kwenye ubao wa mtaro. Nilikuwa nimeweka mguu wa pili juu yake ndipo aliponiita.

"Wewe."

Alijua. Alikuwapo mara ya kwanza, aliona jinsi nilivyogeuka kuitikia salamu. Mtu hamgeuzii mama mkwe kisogo anapoita, na hilo pia alilijua. Niligeuza kichwa, mpaka mwisho, nikamtazama mahali nilipodhani uso wake upo. Ardhi ikaondoka kama siku ile. Anga lilipita chini ya miguu yangu. Lakini ubao ulikuwa pale pale, nyayo zangu zilikuwa zimeushika, na zilikataa kuamini kitu kingine chochote.

"Abee, mama."

"Hakuna," akasema. "Endelea."

Nilivuka. Nilifika mlangoni, nikaingia, mume wangu akawasha koroboi. Nilipomfungua mtoto nimlaze, mwanga ulimpiga, akaamka akaniona. Alinitazama kama anavyotazamwa mwizi. Kisha akapiga kelele, "Akko! Akko!" na mikono yake midogo ikanyooka kunipita mimi, kuelekea mlangoni, alikokuwa bibi yake. Nilimkumbatia akaniuma bega, akauma kweli, mpaka meno yakapita nguo. Sikumwachia. Kuanguka nilikuwa nimejifunza namna ya kukuzuia, lakini hili hakuna aliyekuwa amenifundisha.

Mama mkwe hakuingia. Alibaki nje kwenye giza. "Yeye halali hivyo hivyo," akasema, na sauti yake haikuwa ile niliyoizoea. "Analala akishika sikio yangu." Kisha nikamsikia anageuka aende kwa dada yake, na hatua zake zilikuwa zinagongana.

Ningeweza kumwacha aende. Nilikuwa nimeshinda, na kwa mwaka mzima nilikuwa nimeota nikimwona akiondoka mikono mitupu. Nilimbeba mtoto anayepiga mateke, nikatoka naye mpaka kizingitini.

"Mama, ingia umlaze."

Aliingia. Akajilaza kwenye mkeka wangu na vumbi lake lote, mtoto akamtambalia, akalishika sikio lake kwa vidole viwili, akalala huku akipiga kwikwi. Mimi nilikaa ukutani nikiwatazama.

Alfajiri honi ya lori ilipolia, alikitoa kidole kimoja cha mtoto kutoka kwenye sikio lake, kisha cha pili, polepole sana. Mtoto akapapasa hewani. Mama mkwe aliniangalia, akanionyesha kwa kidevu mahali alipokuwa amelala, ambapo bado palikuwa na joto lake. Nikajilaza pale, nikasogeza kichwa, na vile vidole vikakutana na sikio langu, vikalikagua, vikalishika.

Lori liliondoka kabla mtoto hajaamka.